Ufa Chini ya Mapacha

Ijumaa, 20 Juni

Nimemaliza kuchora jozi ya mwisho leo. Nikatangaza kwa sauti ili ofisi nzima isikie, na hakuna aliyeinua kichwa isipokuwa Akka. Haidhuru. Nimejipongeza mwenyewe kwa vada mbili za dengu na kahawa.

Bodi hii ya saketi ni ya kamera ya kuchungulia ndani ya jicho la mtoto njiti. Mishipa ya jicho la njiti ikikua ovyo na asiwepo wa kuiona mapema, mtoto anapofuka, basi. Picha inatoka kwenye kamera kwenda kwenye ubongo wa mashine kwa njia nyembamba za shaba, na kila njia ina pacha wake. Zinakwenda bega kwa bega, urefu uleule, zikifika kona zinakunja pamoja. Mmoja anabeba ishara, mwenzake anabeba kinyume chake. Kelele ya umeme ikiwapiga wote wawili sawasawa, mwisho wa safari inajifuta yenyewe. Ikimpiga mmoja zaidi, haifutiki, na picha inachanika. Kwa hiyo kazi yangu mimi Chaitra ni moja tu: pacha asipigwe peke yake.

Akka aliinamia skrini mpaka miwani ikagusa kioo. Jina lake ni Sulochana, lakini wote tunamwita Akka, dada mkubwa, hata bosi. Ndiye aliyenifundisha kazi hii.

"Umezikunja vizuri. Ila hii ya tatu ina tumbo."

"Tumbo gani tena, Akka?"

"La miezi saba. Lipunguze."

Nililipunguza nikinung'unika. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloudhi.

Kwenye kona ya bodi nimeweka herufi zangu, C.B., ndogo kama ufuta. Kila mchoraji hapa huweka zake. Akka ana zaidi ya herufi: ana kisu kidogo kwenye droo, cha enzi zile bodi zilipochorwa kwa kubandika utepe mweusi juu ya plastiki na kuukata kwa mkono. Siku hizi hakikati hata ndimu. Lakini kila mwaka siku ya kuviombea vifaa anakipaka sandali na kumkum, ule unga mwekundu wa ibada, kabla ya kuipaka kompyuta yake.

Mvua imeanza jioni. Bengaluru yote inanuka udongo.

Jumanne, 24 Juni

Bodi imeondoka. Nimechoka mpaka nywele.

Keshokutwa unaingia mwezi wa Ashada, na katika Ashada bosi wetu Shivaram haanzi jambo lolote jipya, sembuse kutuma bodi kiwandani. Kwa hiyo ilikuwa leo au mwezi ujao. Tena leo Jumanne, saa tisa alasiri inaingia Rahukala, kile kipande cha siku chenye mkosi ambacho Amma, mama yangu, hawezi kuwasha ndani yake hata friji mpya. Kwa hiyo haikuwa leo tu. Ilikuwa leo kabla ya saa tisa.

Saa nane imeshapita, Prasanna wa umeme akaja mbio. Huyu ndiye anayechora sehemu ya kuingizia umeme kwenye bodi zetu, na mdomo wake hauna breki.

"Nataka kisiwa changu cha shaba! Umeme wangu usichanganyike na wa watu!"

"Ungelisema mwezi uliopita, tungekupa na bahari," nikamjibu.

Kabla hatujamaliza kutupiana maneno, bosi akaniita. "Chaitra, nenda kalete nazi na maua ya kuibariki bodi. Mkono wako una heri." Heri gani? Nililowa mpaka kwenye soksi. Niliporudi Akka amekaa kwenye kiti changu, kidole kinaonyesha skrini. Ukaguzi wa programu ulikuwa umepita, kijani kutoka juu hadi chini.

"Bonyeza," akasema. "Saa inaingia."

Nikabonyeza. Nazi ilipasuka vipande viwili safi na bosi akafurahi kama aliyeoza binti.

Jumamosi, 5 Julai

Mvua. Hakuna jipya. Amma ametengeneza kachumbari ya maembe, nyumba nzima inawasha macho.

Alhamisi, 17 Julai

Bodi zimefika! Tumeifunga moja kwenye kamera na Prasanna akajitolea jicho lake. Picha imetoka safi, mishipa yote inaonekana, nyekundu na iliyonyooka.

"Lo, kumbe ndani wewe ni mzuri," nikamwambia.

"Nje ndiko hujui kuangalia," akanijibu. Ofisi ikacheka. Akka alinipiga kofi la mgongo. Nimefurahi sana leo, acha niseme wazi.

Jumatatu, 21 Julai

Mvua kubwa mchana. Picha imechanika. Mistari ya kijani na zambarau imepita katikati ya jicho la Prasanna, kisha ikaganda. Tumezima, tumewasha. Imechanika tena.

Jumanne, 22 Julai

Mvua. Imechanika.

Jumatano, 23 Julai

Jua. Safi kabisa. Prasanna anaimba nyimbo za sinema.

Alhamisi, 24 Julai

Jua. Safi.

Ijumaa, 25 Julai

Mvua. Imechanika. Haimbi tena.

Jumatano, 30 Julai

Kikao. Sijawahi kukaa kwenye kikao kibaya kama hiki.

Bosi aliiweka bodi katikati ya meza. "Picha inapita kwenye njia za nani?"

"Zangu," nikasema.

"Na hapa kwenye kona pameandikwa nini?"

Bosi akachukua kioo cha kukuzia akanisogezea, kana kwamba sijui kusoma herufi nilizoziandika mimi. "C.B.," nikasema.

Nikajitetea. Nikasema urefu wa mapacha nimeupima mwenyewe, hakuna aliyezidi mwenzake hata kwa unene wa unywele. Prasanna akadakia kwamba labda unyevu unaingia kwenye bodi na mapacha wangu ni wanyonge, wanapata mafua. Watu wakacheka. Nilitaka kumtupia kioo kile usoni.

Bosi hakucheka. Mwezi wa tisa Daktari Mehtab wa hospitali ya wilaya anakuja kuiona kamera, na akiikataa hakuna wa kuinunua. "Siku hiyo ikichanika," akasema, "uchoraji wote unahamia kwa watu wa Hyderabad. Kiti chako kitakuwa cha kuwekea mafaili."

Nikamwangalia Akka. Yeye ndiye mkaguzi, neno lake linasikika. Nilingoja aseme, jamani, mtoto huyu anajua kazi. Akka alikuwa anakunja ukingo wa sari yake, anakunja na kukunjua. Hakusema kitu. Nikajiambia ana homa.

Jumanne, 5 Agosti

Tumezioka bodi kwenye oveni. Tumezipaka vanishi. Nimezipulizia mashine ya kukaushia nywele mpaka mwenye nyumba ya jirani akauliza kama tumefungua saluni. Mvua imekuja saa kumi. Picha imechanika.

Naichukia mvua. Nalala naisikia kwenye mabati ya jirani. Kiti hiki ndicho kinachomlisha Amma, na ndicho kitu pekee duniani ninachokifanya vizuri kuliko wengi.

Ijumaa, 8 Agosti

Mvua. Imechanika. Akka haji tena kula nami. Anasema tumbo.

Jumatano, 13 Agosti

Naandika haraka.

Leo jua kali, hakuna hata wingu la kusingizia. Kamera ilikuwa inafanya kazi vizuri tangu asubuhi. Mara picha ikachanika, zzzp, mistari ileile. Nikakimbilia dirishani. Mbingu buluu! Chini barabarani watu wa umeme walikuwa wanakata matawi ya mti yaliyoelemea nyaya, wamezima laini nzima.

Nikasimama pale dirishani kama mjinga. Huku kwetu mvua ikinyesha umeme unakatika. Tumezoea hivyo tangu tuzaliwe, mpaka hatuoni tena. Inveta ya ofisi, ile mashine ya umeme wa betri, inashika, taa hazipepesi, kahawa inaendelea. Wiki tatu tunapigana na unyevu, na hakuna hata mmoja wetu, wote wazaliwa wa mji huu, aliyekumbuka kwamba mvua haiji peke yake. Haikuwa mvua. Ilikuwa inveta. Umeme wake ni mchafu, una kelele, na kelele ile inaingia kwenye bodi na kumpiga pacha mmoja.

Nikafikiria zahanati za vijijini, ambako inveta ndiyo umeme wenyewe. Kule picha ingechanika kila siku.

Nikamvamia Prasanna. "Wewe na umeme wako! Kelele inapita kwako!"

"Ipite kwangu iende wapi? Umeme wangu nimeutenga. Niliomba kisiwa, mkanipa kisiwa. Sasa unanifokea nini?"

"Nani alikupa kisiwa? Mimi nilikwenda kununua nazi!"

Prasanna akashusha sauti. "Basi muulize aliyekuwa kwenye kiti chako," akasema polepole.

Nikafungua mchoro. Kuna tabaka la ndani la bodi ambalo silitazami mara kwa mara kwa sababu huwa ni shaba tupu, sakafu nzima isiyo na tundu, na mapacha wanapita juu yake. Umeme unaokwenda juu kwenye njia unarudi chini kwenye sakafu, palepale chini ya njia. Sakafu ikiwa nzima, mapacha wako salama. Programu inapima njia kwa njia. Haiulizi chini kuna nini. Ndiyo maana ilitupa kijani.

Sakafu yangu ilikuwa na ufa. Kisiwa cha Prasanna kimekatwa ndani yake, na ukingo wake umepita mshazari chini ya mapacha, mmoja anauvuka kabla ya mwenzake. Kelele yote ya kisiwa inamngoja pale ukingoni.

Na mkato ule naujua. Prasanna akikata shaba anakata kona za mraba kama anapasua kuni. Huu kila kona umepunguzwa mara tatu, taratibu, mpaka ukawa laini, kama unavyokata utepe kwa kisu ili usibanduke. Dunia nzima ninamjua mtu mmoja tu anayekata hivyo. Yeye ndiye aliyeushika mkono wangu akanifundisha.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikisema tu msemo huu. Leo umenila.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya uhuru. Bendera kila mahali, peremende kwa watoto. Amma kaniuliza mbona nakata maharage kana kwamba yamenikosea.

Makosa si kitu. Mtu amekimbizwa na Rahukala, ameombwa kisiwa, amekikata haraka bila kuangalia nini kinapita juu. Ningeweza kuwa mimi. Lakini ile siku ya kikao! Aliniona nikisomeshwa herufi zangu kama mtoto wa chekechea, akakunja sari.

Jumatatu, 18 Agosti

Nilimfuata Akka kwenye ngazi za nyuma, ambako sasa anakula peke yake. Wali wa mtindi, ndimu ya chumvi. Nikakaa kidato cha chini yake.

"Akka, ulijua tangu lini?"

Hakujifanya haelewi, hilo namshukuru. Alitafuna, akameza. "Siku ya kikao. Ulipotaja urefu, nikajua urefu sio. Nikakumbuka kisiwa."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni kijana, Chaitra. Wakikufukuza hapa, mtaa wa pili watakupokea. Mimi wakisema tu macho ya Sulochana yamekwisha, nimekwisha. Nani atamwajiri bibi? Nitarudi kwa mwanangu nimmenyee mboga mke wake."

"Kwa hiyo ukaona bora nife mimi."

"Nilisema kesho nitasema. Kila siku kesho." Mtindi ukamdondokea kwenye sari. "Kaseme wewe. Sitakukana."

Nikainuka. Nilitaka kumtukana na sikupata tusi linalomfaa mtu aliyenifundisha. Nikamwambia, "Yaseme mwenyewe. Mimi sitakubebea na hili." Nikaondoka.

Jumatano, 20 Agosti

Nimemwambia bosi: sakafu ina ufa, iko tabaka la ndani, hakuna namna ya kuiziba kwa kulehemu, tunahitaji bodi mpya. Sikusema nani. Nilimwachia nafasi. Akka alikuwa palepale, hatua tatu kutoka mezani. Midomo ilifunguka kidogo, kisha simu ya bosi ikalia.

Bosi amekubali toleo moja la mwisho la bodi. "Na herufi zako uzitoe. Sitaki jina la mtu kwenye kitu kinachochanika."

Nimezitoa. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi.

Ijumaa, 22 Agosti

Kiwanda kinafunga mapokezi saa sita kwa ajili ya sikukuu za Gauri na Ganesha za wiki ijayo. Rahukala ya Ijumaa inaingia saa nne na nusu, na inatoka saa sita hiyohiyo. Bosi akaja saa nne na kitu, saa mkononi.

"Tuma."

"Bado, bosi. Naangalia sakafu chini ya kila jozi kwa macho yangu."

"Programu imesema kijani!"

"Hata siku ile ilisema kijani."

"Chaitra! Rahukala inaingia!"

"Iingie ikae. Kiti kipo."

Nikarudi kwenye skrini. Nilifuata jozi baada ya jozi, kidole kwenye skrini, pole pole. Nilisikia bosi anahema nyuma ya shingo yangu, kisha nikasikia mlango ukibamizwa kwa nguvu nyuma yake. Nikabonyeza katikati ya mkosi, bila nazi, bila ua. Akka alijishika kifua.

Sasa ikichanika, nimejichongea mwenyewe. Watasema hata mbingu nilizitukana.

Jumatano, 27 Agosti

Sikukuu ya Ganesha. Ngoma mtaani. Nimekula modaka sita, vile vitamutamu vya nazi. Sikuomba kitu, naona aibu.

Jumamosi, 6 Septemba

Mvua. Bodi bado.

Ijumaa, 12 Septemba

Mvua. Bodi bado. Barabara ya kiwandani imejaa maji, gari limekwama. Daktari anakuja Jumatatu.

Jumatatu, 15 Septemba

Bodi zimefika asubuhi, Daktari Mehtab akiwa ameshakaa anakunywa chai. Hatukuwa na muda wa kujaribu chochote. Prasanna aliifunga ya kwanza, jasho linamtiririka.

Bosi alinivuta pembeni. "Leo kuna jua. Mshukuru Mungu, nyamaza, na swichi kubwa ya umeme usiiguse. Picha ikitoka safi, aondoke."

"Bosi, hospitali yake inaishi kwa inveta."

"Nimesema usiguse."

Prasanna akaweka jicho. Picha ikatoka safi. Daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza hili na lile. Bosi akaanza kutabasamu. Mimi nilisimama nimeuma ulimi. Nilijua kwamba haijathibitika kitu, na kwamba nikisogea hatua moja kiti kimekwenda. Nilisimama tu. Niliogopa, sina haja ya kulipamba.

Ndipo Akka akainuka. Nikadhani anakwenda chooni. Akapita nyuma ya daktari, akafika mlangoni kwenye swichi kubwa, akaishika kwa mikono miwili, akaiangusha.

Feni zikazimika. Bosi akapiga ukelele, "Akka!" Inveta ikaanza kuguna chini ya meza, na wote tukageukia skrini.

Mishipa ya Prasanna ilikuwa palepale, nyekundu, iliyonyooka. Akapepesa, na jicho kwenye skrini likapepesa. Hakuna mstari. Tukangoja. Hakuna mstari.

"Kwetu umeme ni huu siku nyingi," Daktari Mehtab akasema. "Nilitaka kuuliza, nikaona haya."

Akka alikuwa bado ameshika swichi. "Bodi ya kwanza ilichanika kwa sababu yangu," akasema, sauti kavu. "Nilikata sakafu chini ya njia za Chaitra, akiwa hayupo. Nilijua, nikamwacha asemwe. Njia zake hazikuwa na kosa. Andika hilo, Shivaram."

Hajawahi kumwita kwa jina tupu. Prasanna, jicho bado kwenye kamera, akasema, "Naweza kutoka sasa? Shingo inauma." Daktari akacheka, na hivyo ndivyo pumzi zilivyorudi chumbani.

Mimi nilikwenda kusimama kwenye zile ngazi za nyuma nikalia. Sikujua nalia furaha au hasira. Vyote viwili, nadhani.

Ijumaa, 19 Septemba

Daktari amezichukua kamera tatu za mwanzo. Bosi kasema bodi za kudumu nirudishe herufi zangu, akasema akiangalia dirisha. Akka hatakagua tena. Ataandaa michoro midogo mpaka astaafu. Hakubisha.

Jumatano, 1 Oktoba

Siku ya vifaa. Mvua imekwisha. Leo hakuna anayegusa kompyuta. Zimevikwa maua ya manjano, magurudumu ya pikipiki za watu yamewekewa ndimu, Prasanna amekivika shada hata chuma chake cha kulehemu. Nami nilikuwa na sahani ya sandali na kumkum mkononi, naanza na meza yangu.

Akka akaja. Hatujazungumza tangu siku ile, ila salamu. Akaweka kile kisu chake kidogo mezani kwangu, mbele ya kibodi.

"Mwaka huu kipake wewe," akasema.

"Kwa nini mimi?"

"Sijioni nastahili kukishika leo." Kisha, kwa sauti ya chini, "Umenisamehe, mtoto?"

"Bado, Akka," nikamwambia, kwa sababu ni kweli.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kukaa mahali pake. Nikachovya kidole kwenye sandali. Kompyuta yangu ilikuwa inangoja, na ndiyo inayonilisha. Nikakipaka kisu kwanza.